Ukubwa ni Jaa, Hata Katika Mpira wa Kikapu

Mabishano juu ya nani mchezaji mkubwa kupita wote katika mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani yamekwisha vuka bahari na kufika mabarazani kwetu. Kijana mmoja humshikilia Michael Jordan na ubingwa wake mara sita. Mwingine humjibu kwa LeBron James, ambaye tarehe 7 Februari 2023 aliivuka rekodi ya pointi 38,387 aliyoiacha Kareem Abdul-Jabbar. Wazee, ambao hawana haja kubwa na mchezo wenyewe lakini mabishano wanayapenda, hutia neno moja la kuchochea moto kisha hurudi kwenye kahawa yao.

Sisi hatukusudii kutoa hukumu baina ya majina hayo mawili. Tunalotaka kulichungua ni kipimo, kwani kila abishaye ana kipimo chake mkononi hata kama hakitaji. Mmoja hupima kwa pointi, mwingine kwa vikombe, wa tatu kwa kimo na nguvu. Na vipimo hivyo havibaki barazani. Ndivyo wanavyovitumia walimu wa michezo wanapochagua timu za skuli, na ndivyo wanavyovitumia maofisa wa Serikali wanapoamua kijana gani apewe viatu na nauli ya boti kwenda mashindanoni, na yupi aambiwe asubiri mwakani. Kipimo kikiwa kibovu, hasara huwaangukia watoto, nao hawana pa kukata rufaa.

Historia ya mchezo huu ina kisa kimoja kinachofaa kusomwa na kila mwenye mamlaka ya kuchagua. Ni kisa cha Wilt Chamberlain na Bill Russell, waliopambana kwa miaka kumi, kuanzia 1959 hadi 1969.

Chamberlain alikuwa mtu wa ajabu. Kimo chake kilikuwa mita 2.16, na juu ya kimo hicho alijaaliwa mbio na nguvu ambazo warefu wengi hawanazo. Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 peke yake katika mchezo mmoja dhidi ya timu ya New York. Televisheni haikuwapo uwanjani, na watazamaji walikuwa 4,124 tu. Hadi leo hajatokea mchezaji mwingine wa ligi ile ya NBA aliyeifikia idadi hiyo. Katika msimu ule wote wa 1961-62 alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo. Mtu anayepima kwa pointi hana haja ya kuendelea kusoma. Jawabu lake amekwisha lipata.

Lakini msimu huo huo ilipigwa kura ya mchezaji bora wa ligi. Wapiga kura wakati ule hawakuwa waandishi wa magazeti bali wachezaji wenyewe, watu waliokuwa wakigongana mabega na Chamberlain usiku baada ya usiku. Hawakumchagua yeye. Walimchagua Bill Russell wa Boston, ambaye wastani wake wa pointi msimu ule haukufika 20.

Yafaa kujiuliza walikiona kitu gani. Russell alikuwa mfupi kuliko Chamberlain, na mitupo yake haikuwa ya kutisha. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Wazuiaji wengi, tangu enzi zile hata leo, wakiupata mpira wa adui hewani huupiga kwa nguvu zote hadi ukaangukia kwa watazamaji. Watu hushangilia, kisha refa huurudisha mpira kwa wale wale walionyimwa bao. Russell aliona kwamba huo ni ushindi wa macho. Yeye aliugusa mpira kwa vidole tu, ubaki ndani ya uwanja, umfikie mwenzake, na kabla adui hajageuka Boston wamekwisha kimbia upande wa pili kufunga. Anayeandikiwa pointi katika daftari ni yule mwenzake. Tena ligi haikuwa na desturi ya kuhesabu mitupo iliyozuiwa hadi msimu wa 1973-74, na Russell alistaafu 1969. Maana yake ni kwamba kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya mtu huyu haimo kitabuni hata kwa tarakimu moja.

Ilimo katika matokeo. Alicheza misimu 13 na timu yake ikatwaa ubingwa mara 11, minane kati yake mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1966. Wenzake walithubutu kumbana adui karibu kwa sababu walijua kwamba hata wakipitwa, nyuma yao yupo mtu. Mabaharia hufanya hivyo hivyo wanapomwamini aliyeshika usukani: kila mmoja huishughulikia kamba yake bila ya kutazama nyuma.

Tarehe 24 Novemba 1960 Chamberlain aliidaka mipira 55 iliyorudi kutoka ubaoni katika mchezo mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa, na aliyekuwa akishindana naye chini ya kapu alikuwa Russell mwenyewe. Boston wakashinda kwa pointi 132 kwa 129.

Hatuna budi kuwa waadilifu. Watetezi wa Chamberlain husema kwamba Russell alizungukwa na wachezaji hodari kama Bob Cousy, Sam Jones na John Havlicek, na kwamba mwalimu wake Red Auerbach alikuwa bingwa wa kujenga timu, ilhali Chamberlain kwa miaka mingi aliubeba mzigo karibu peke yake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Chamberlain mwenyewe ndiye anayeijibu kwa aliyoyafanya baadaye. Katika msimu wa 1966-67, chini ya mwalimu Alex Hannum, alikubali kupunguza mitupo yake na kuwapa wenzake mpira. Wastani wake ukashuka hadi pointi 24.1, chini ya nusu ya ule wa miaka mitano nyuma, na timu yake ya Philadelphia ikawatoa Boston kwa michezo minne kwa mmoja na kuchukua ubingwa. Huo ulikuwa ubingwa wake wa kwanza, naye alikuwa na umri wa miaka 30. Msimu uliofuata akaongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi za mabao. (Wapo wanaosema kwamba alipozionja pasi alianza kuzihesabu kama alivyokuwa akizihesabu pointi. Desturi ya mtu haifi kwa msimu mmoja.)

Wala asidhani msomaji kwamba basi tuhesabu vikombe na tumalize kazi. Kikombe nacho ni shahidi wa kuulizwa maswali mengi. Robert Horry ana ubingwa mara saba, mmoja zaidi ya Jordan, na hatujamsikia mwenye akili timamu akidai kwamba Horry alimpita Jordan. Tarehe 5 Mei 1969, katika mchezo wa saba wa fainali mjini Los Angeles, wenyeji waliokwisha kuning'iniza maputo darini tayari kwa sherehe walifungwa na Boston ya Russell kwa pointi 108 kwa 106. Chamberlain, ambaye wakati huo alikuwa upande wa Los Angeles, alitoka akiwa ameumia goti, akaomba kurudi, na mwalimu wake akamkatalia. Jerry West wa timu hiyo iliyoshindwa alifunga pointi 42 siku ile, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Hajapata kutokea mwingine wa timu iliyofungwa kuipata tuzo hiyo. Nani atathubutu kusema West hakuwa mkubwa kwa sababu pointi mbili zilipungua?

Wahenga wetu walinena kwamba ukubwa ni jaa. Jaa hupokea kila kinachotupwa, kizuri na kibovu, wala halilalamiki. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli. Mchezaji mkubwa ni yule anayeyapokea makosa ya wenzake na kuyafunika, anayeibeba lawama ya timu ilhali sifa anawagawia, na ambaye mchezaji wa kawaida akisimama karibu naye huanza kucheza kuliko alivyojidhania. Pointi ni sehemu ya ushahidi, na vikombe ni sehemu ya ushahidi. Swali la kumuuliza shahidi ni moja: wenzake walikuwaje alipokuwapo, na walikuwaje alipoondoka?

Tukilichukua swali hilo tutawaelewa hata wa siku hizi. Stephen Curry ana kimo cha mita 1.88, urefu ambao katika ligi ile ni ufupi. Anasifiwa kwa mitupo ya mbali, na ni haki yake. Lakini mtazame anapokuwa hana mpira. Hukimbia huku na huko bila kuchoka, na mabeki wawili humfuata kwa hofu, na mwenzake mmoja hubaki chini ya kapu hana mtu. Bao hilo haliandikwi kwa jina la Curry. Timu yake ilichukua ubingwa 2015, 2017, 2018 na 2022.

Hapa lazima tumtaje kijana wetu wa Tanzania, Hasheem Thabeet, na tunamtaja kwa heshima. Mzaliwa huyu wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, aliujua mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa, akaenda Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut na kuifikisha timu yake nusu fainali ya vyuo mwaka 2009. Mwaka huo huo akachaguliwa wa pili miongoni mwa vijana wote walioingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa tatu. Curry alichaguliwa wa saba. Thabeet alicheza katika ligi hiyo hadi 2014 kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo.

Wapo wanaomcheka. Sisi tunaona kicheko hicho kimeelekezwa mahali pasipostahili. Kijana alifanya alichoweza, na alikofika hajafika mwingine wa kwetu. Waliokosea ni waliokuwa na mizani. Walikuwa na fedha, wataalamu, na picha za kila mchezo, na bado wakapima kwa futi. Ikiwa matajiri wale walidanganywa na kimo, je, mwalimu wa skuli moja ya Pemba, asiye na chochote ila filimbi na mpira uliochakaa, atasalimika vipi asipoonywa?

Liko jambo jingine ambalo mabishano ya barazani hulipita mbio. Mchezaji wa kulipwa hulipwa kwa hesabu, na hesabu ina majaribu yake. Mwaka 1965 Chamberlain alipotia saini mkataba wa dola 100,000 kwa mwaka, Russell alidai 100,001 na akapewa. Ile dola moja ilikuwa ya heshima, si ya njaa. Mtu yule yule, mwaka 1961 mjini Lexington, Kentucky, yeye na wenzake weusi walipokataliwa kuhudumiwa hotelini, walikataa kucheza mchezo waliokuwa wameandaliwa, wakaondoka. Mwaka 1966 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu mkuu katika NBA, akaichezea timu na kuifundisha kwa wakati mmoja, na kutwaa ubingwa mara mbili zaidi. Alipofariki Julai 2022, ligi nzima iliistaafisha jezi yake namba 6.

Na Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, hakufika wastani wa pointi kumi kwa mchezo katika maisha yake yote ya NBA. Alikuwa mzuiaji, akatajwa mara nne kuwa mzuiaji bora wa mwaka. Fedha aliyoichuma akaitia katika hospitali iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2007, aliyoipa jina la mama yake, Biamba Marie. Mutombo alifariki Septemba 2024, na hospitali inaendelea kupokea wagonjwa.

Sasa tugeukie visiwani kwetu. Tunawaomba wahusika wa michezo, katika Wizara na katika wilaya, wayatazame upya mambo mawili. La kwanza ni zawadi. Mashindano ya vijana yanapomalizika kwa kikombe kimoja cha mfungaji bora, kila mtoto uwanjani amekwisha fundishwa kwamba kutoa pasi ni kumzawadia mwenzake kikombe chako. Iwepo zawadi ya pasi, na iwepo ya ulinzi, na zilingane thamani na ile ya mabao. Kama fedha haitoshi kwa zote tatu, basi bora isiwepo hata moja.

La pili ni uchaguzi wa timu. Kamati isikae mezani na orodha ya vimo na mabao. Ikae uwanjani, na mmoja wao awe na daftari na penseli, aandike kile ambacho ubao wa matokeo hauonyeshi: nani aliyerudi mbio kuzuia wakati wenzake wamechoka, nani aliyemwinua aliyeanguka, na timu ilipungukiwa na pointi ngapi dakika zile alipokaa benchi. Daftari halina gharama ya kuogopesha Hazina. Mashindano yajayo ya skuli yanaweza kuanza nalo.