Ati, Kipi Kina Ndege?

Kila ninapoulizwa na wazazi wenzangu tuliohamia huku Marekani wajiunge na kikosi gani cha Civil Air Patrol, wao au watoto wao, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: ati, kipi kina ndege? Nasema wazi kwamba swali hilo ni la kitoto, na watoto wenyewe wana maswali ya maana zaidi.

Kwa asiyeijua, Civil Air Patrol ni jumuiya ya raia wanaojitolea. Iliundwa tarehe 1 Desemba 1941, siku sita tu kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa, na katika vita vile raia waliruka na vindege vyao pwani kuzisaka nyambizi za Kijerumani. Tangu 1948 ni msaidizi rasmi wa Jeshi la Anga la Marekani. Hutafuta waliopotea, husaidia wakati wa maafa, hulea makadeti kuanzia miaka 12 na kufundisha elimu ya anga. Mtu mzima halazimiki kuwa rubani. Mshahara hakuna, na ada unalipa mwenyewe. Katika mji mkubwa utavikuta vikosi kadhaa, na hapo ndipo watu wanapoanza kuhesabu mabawa.

Sasa hiyo ndege. Si mali ya kikosi, ni ya jumuiya nzima; leo imelazwa uwanja huu, mwakani huenda ikahamishiwa kwingine. Aliyejiunga kwa ajili yake atabaki akitazama lami. Tena, ndege ya utafutaji, mara nyingi Cessna ya injini moja, hubeba rubani, mwangalizi kando yake na mtazamaji nyuma. Rubani ameshughulika na kuirusha. Wa kuliona bati lililopindika katikati ya miti ni yule wa nyuma, ambaye pengine hajui hata kuiwasha. Na wapo wengine ambao hawapandi kabisa: hukaa nyumbani, usiku wa manane, wakichambua ishara za simu za mkononi na kumbukumbu za rada, mpaka msitu mzima unapungua ukawa bonde moja. Mtu aliyelala porini amevunjika mguu hajali nani alikuwa na ndege. Anamhitaji mtu aliyejifunza kusoma ramani siku ambayo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi.

Watanijibu kwamba mtoto anataka kuruka. Ataruka! Safari za kuwaonjesha makadeti urubani hutolewa bila malipo, na mpango huo ni wa jumuiya nzima, si hisani ya kikosi fulani.

Wewe nenda kama mgeni, jioni ya kawaida, si siku ya kuvishana nishani. Kikosi kimoja nilichokitembelea kilikuwa na picha za ndege ukuta mzima. Mkuu wake alijisifu karibu saa nzima, na redio ilipohitajika betri ilikuwa imekufa, hakuna aliyeshtuka. Wazazi waliokuwa karibu nami waliandikisha watoto usiku ule ule. Walizipenda picha. Kingine kilikutana katika chumba cha chini cha kanisa, viti vya kukunja, kahawa mbaya. Mama mmoja aliyepita miaka sitini alikuwa akiwafundisha vijana kupima pembe kwenye ramani, na kijana mmoja alimrudisha mara tatu bila kumfokea. Nilipoangalia, kila walipokuwapo makadeti walikuwapo watu wazima wawili au zaidi, kama kanuni inavyotaka, wala hakuna aliyeiona kanuni hiyo kuwa usumbufu. Hapo ndipo binti yangu alipojiandikisha, ingawa marubani wao huazima ndege katika uwanja wa jirani.

Lipo swali moja ambalo namsihi kila mzazi aulize kabla ya kutoa fedha: mara ya mwisho mlikataa lini kuruka? Mkuu wa kikosi cha picha alicheka, akasema wao hawakatai kazi. Maneno hayo yaliwafurahisha wengi, mimi yaliniogofya. Kule kanisani yule mama hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema ilikuwa Jumamosi iliyopita. Mawingu yalikuwa yameshuka, mtazamaji wao, mwanachama mpya kabisa, akasema roho yake haitulii, na rubani akazima injini.