Kisangani imechoka na «Ndiyo, shefu»

KISANGANI – Katika biro nyingi za mji huu, za serikali na za watu binafsi, mkutano wa kazi unafanana. Shefu anaingia akiwa amechelewa, watu wanasimama, anasoma amri zake, halafu anasema: «Kuna swali?» Kimya. «Ndiyo, shefu.» Kila mtu anarudi kwenye meza yake na kazi inabaki pale ilipokuwa. Wakubwa wanaita hiyo nidhamu, lakini ni woga.

Woga huo una historia. Wakati wa ukoloni, kapita alisimama juu ya watu kwa fimbo, na mtu wa chini hakuulizwa kitu. Wakati wa Mobutu, salongo ilishuka kama amri, na aliyetaka kujua sababu alionekana mpinzani. Mkubwa wa leo hashiki fimbo. Anashika karatasi inayoitwa «demande d'explication». Kwa wafanyakazi wengi, hilo ndilo swali pekee wanaloulizwa na shefu kwa mwaka mzima, na linakuja baada ya mambo kuharibika, likiwa na adhabu nyuma yake. Nani atajibu ukweli kwa swali la namna hiyo?

Shefu anayeongoza kwa kutaka kujua anauliza mapema. Anamwendea mlinzi wa ghala, mpokeaji wa wagonjwa, dereva, fundi wa mitambo, na kusema: «Papa, ni nini kinakuzuia kufanya kazi hii vizuri? Wewe ungefanya namna gani? Unahitaji nini kwangu?» Halafu ananyamaza, anasikiliza. Kocha wa mpira anajua jambo hilo: hawezi kuingia uwanjani kupiga bao mwenyewe, kwa hiyo kazi yake ni kumsaidia mchezaji aone na aamue.

Anayedhani hayo ni maneno ya semina tu akumbuke Yambuku, upande wa Bumba, mji ambao mashua za Kisangani zinapitia zikishuka mto. Mwaka 1976 Ebola ilitokea huko. Watu 318 waliugua na 280 walikufa. Katika hospitali ya misheni, wafanyakazi 11 kati ya 17 walifariki. Wachunguzi walipofika, walipita kijiji kwa kijiji wakiuliza: nani aliugua kwanza, nani alimhudumia, alipitia wapi kabla ya homa? Majibu yaliwarudisha hospitalini. Wauguzi walikuwa wanapewa sindano tano tu kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji tu. Habari hiyo haikuhitaji mashine kubwa. Ilikuwa mikononi mwa muuguzi aliyeshika sindano na kinywani mwa mama aliyechomwa. Ilihitaji mtu wa kuuliza.

Uchunguzi wa mbali unasema vilevile. Huko Marekani, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya kutoa dawa katika vikundi vya wauguzi, akachapisha matokeo mwaka 1996. Alitazamia kwamba vikundi vyenye uongozi mzuri vingekuwa na makosa machache. Alikuta kinyume: ndivyo vilivyoripoti makosa mengi zaidi. Sababu ni kwamba huko watu walithubutu kusema, na kwingine walificha. Basi shefu anayejisifu kwamba kwake hakuna tatizo ajiulize kama hakuna tatizo, au hakuna anayethubutu kumwambia.

Wakubwa wana majibu yao. La kwanza: «Nikiuliza, wataona sijui kazi.» Lakini fundi wa pikipiki anauliza «Imeanza kulia lini?» kabla ya kufungua injini, na hakuna mteja anayemdharau. Anayeogopwa ni yule anayefungua bila kuuliza.

La pili: «Hakuna muda, kazi inataka amri.» Ni kweli, penye hatari amri moja inatosha. Mtumbwi ukivutwa na maji ya Boyoma, watu hawaitishi mkutano. Lakini biro haiko katikati ya maporomoko kila siku ya mwaka. Muda ambao shefu anasema hana, anautumia baadaye kuandika barua za kulaumu.

Wafanyakazi nao wana neno lao, na ni zito kuliko ya wakubwa: maswali mazuri hayalipi kodi ya nyumba. Wana haki. Siku hizi semina za uongozi zinafanyika katika hoteli za Makiso. Washiriki wanakunywa sukre, wanachukua cheti na kupiga picha. Kumwuliza mtu ambaye hajalipwa miezi mitatu kuhusu «malengo yake ya maisha» ni kumcheka. Kama shefu anataka kujua kweli, aanze na mshahara, na akubali kusikia jibu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kuuliza ni rahisi. Kutomwadhibu aliyejibu ndiyo kazi. Mfanyakazi mmoja akisema ukweli leo na kesho akahamishwa kupelekwa mbali na familia yake, biro nzima itajifunza kunyamaza kwa miaka kumi.

Kwa hiyo wanaoongoza hospitali, shule, redio, mashirika na idara za Tshopo wanadaiwa mambo matatu, na yote hayagharimu hata franga moja. Wazungumze na mfanyakazi ana kwa ana kabla ya kuandika «demande d'explication» yoyote. Katika mikutano, aliye chini aseme kwanza na shefu aseme mwisho. Na kila jibu lililotolewa lirudishiwe habari: limefanyiwa kazi, au halikuwezekana kwa sababu fulani. Shefu atakayeshindwa hata hayo asiwalaumu watu wake kwamba hawana mawazo. Wanayo. Wanayazungumza jioni, akiwa ameshaondoka.