JE, KUKUZA MAFUTA YA MWILI MAABARA NI KUJIFANYA MUNGU?



Jumapili baada ya ibada kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, ni kweli sasa wanakuza mafuta ya binadamu maabara? Hiyo si dhambi?" Nimesoma, nimeomba, na leo nakujibu na wewe.

Ni kweli. Wanachukua seli changa kutoka kwa mafuta ya mtu, mara nyingi yale yaliyotolewa wakati wa upasuaji, wanazilea kwa vichocheo mpaka ziwe seli za mafuta. Kisha wanaziwekea dawa na kuangalia zinavyoumia au kunawiri.

Mpendwa, mafuta si mzigo tu. Tangu 1994 inajulikana kwamba hutoa homoni iitwayo leptini, inayouambia ubongo mwili una akiba kiasi gani. Yakivurugika, kisukari na ugonjwa wa moyo hukaribia. Na katika Walawi 3, mafuta ya dhabihu ndiyo yaliyotengwa kwa ajili ya Bwana. Mungu hakuyadharau.

Sisi wa Karungu tunalijua jambo hili kwa macho. Mnakumbuka stavudini, mojawapo ya ARV za mwanzo? Iliwaokoa wengi, lakini kwa wengine ilikausha mafuta ya mashavu, mikono na miguu. Watu wakanong'ona: "Hiyo ni chira." Hata mimi nilimwekea mama mmoja mikono nikikemea laana, kumbe alikuwa anameza dawa zake kwa uaminifu. Nilienda kwake nikamwomba msamaha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane na stavudini, lakini mashavu yaliyobonyea hayarudi upesi.

Sasa jiulize: si afadhali madhara yale yangeonekana kwanza kwenye kisahani cha maabara kuliko usoni pa mama yule?

Leo wengi wanatumia dolutegraviri, na wengine wanaongezeka uzito. Seli hizo zinawasaidia watafiti kuchunguza kama dawa yenyewe inagusa mafuta, na kwa njia gani. Hawajaumba kitu. Mkulima hupanda mbegu ambayo hakuiumba, nao wanaanza na seli aliyoiumba Mungu. Dhambi ingekuwa kuchukua sehemu ya mwili wa mtu bila ruhusa yake, au kutengeneza dawa ambayo maskini hataipata.

Kwa hiyo nakusihi mambo mawili. Kama mwili wako unabadilika, usitupe dawa, hata kama mtumishi wa Mungu amekuambia umepona. Nenda kliniki, sema ukweli, uulize kama kuna dawa nyingine. Na ukiona ndugu amekonda au amenenepa, funga mdomo, fungua mkono. 1 Samweli 16:7 inatukumbusha Bwana anaangalia wapi.

Kama ujumbe huu umekugusa, andika AMINA, umtumie mmoja aliyechoka kumeza dawa. Mbarikiwe.