RAM ya Taa za Rangi Haitakuokoa

Nilikuwa kimya kwa sababu ya kazi, lakini leo lazima niseme, hata kama wenye maduka wataninunia.

Kijana mmoja anayesoma kule Nchiru alinipigia simu juzi. Aliweka akiba miezi minne, akatuma pesa Nairobi, akaletewa RAM kwa matatu ya Tea Room. Kijiti kimoja, GB 16, DDR4 ya 3600, taa za rangi juu kama baa ya Makutano. Akatoa vijiti viwili vya GB 4 vilivyokuwemo, akapachika hicho. Gemu la mpira likawa zito kuliko zamani. "Kaka, nimeuziwa feki?"

La, si feki. Mashine yake ni mtumba wa ofisi kutoka Uingereza, na prosesa yake mwisho wake ni 2400. Hiyo 3600 iliyoandikwa kwenye boksi haitaiona maisha yake yote. Baya zaidi, vijiti viwili vilikuwa vinapitisha data kwa njia mbili, GB 38.4 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasi. Kimoja kinapitisha 19.2. Na kwa kuwa hana kadi ya michoro, picha za gemu zinakula kwenye sahani hiyo hiyo. Alilipa ili apunguziwe mwendo! Muuzaji aliyajua hayo au hakuyajua, sijui lipi ni aibu zaidi. Swali moja tu lingetosha: utaiweka kwenye mashine gani?

"Lakini mimi naovakloki," utaniambia. Sawa. Madabodi yako ni ipi? Kama ni ya Intel yenye chipseti ya H610, haikubali kuovakloki RAM, kwa hiyo 3600 yako itashuka hadi 3200 au chini yake. Kama inakubali, fanya hesabu kabla ya kutoa pochi. 3200 yenye CL16 ni 16 gawa kwa 1600. 3600 yenye CL18 ni 18 gawa kwa 1800. Zote zinasubiri nanosekunde 10. Ndiyo, ya pili inapitisha data zaidi kwa asilimia 12.5, sikatai, lakini katika gemu nyingi utaona tofauti ndogo tu, na ukiwa na kadi ya michoro ya bei nafuu huenda usiione kabisa. Nunua vijiti viwili vya 8 vya 3200 vilivyofungwa pamoja, visivyo na taa. Pesa inayobaki iweke kwenye pawa saplai ya maana.

Zamani ningeyaacha haya yapite. Lakini mwisho wa 2025 bei za RAM zilipaa dunia nzima, viwanda vikikimbilia kumbukumbu za seva za akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo sisi wa mfuko mwembamba tulilitegemea miaka mingi. Kosa la wakati huu haliwezi kulipiwa na mshahara ujao.

Na mimi si malaika. Nikiwa Embu niliisukuma RAM ya bei rahisi hadi 3600 kwa volti 1.35, ikawaka, nikajisifu. Ilikuwa Julai, baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Februari, joto lilipoingia, programu niliyokuwa naandikia mteja ikaanza kugoma kukompailiwa, kila mara kwenye mstari tofauti. Siku mbili natafuta kosa kwenye kodi yangu! Kosa lilikuwa kwenye RAM: chembe zake zikipata joto huvujisha chaji haraka zaidi. Faili mbili za hifadhidata zilikuwa zimeshaharibika kimyakimya, na nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Mteja hakunipa kazi tena.

Gemu likianguka unaliwasha upya. Ila wengi wetu mashine ya gemu ndiyo ya kazi, ndiyo ya mradi wa mwaka wa nne. Kwa hiyo ukishaovakloki, weka MemTest86 kwenye flashi na uiache izunguke usiku kucha, stima ikikuruhusu. Ikionyesha kosa hata moja, shusha mwendo. Usiniambie "ni moja tu".

Yule wa Nchiru nimemwambia arudishe vijiti vyake viwili vya zamani, na kile cha taa akiuze kwa mwenye madabodi inayokifaa. Kama unayo na uko Meru au Embu, niandikie hapo chini.