Iringa hadi Mbeya: Karibu kwa ramani, mbali kwa safari

MSAFIRI anayetoka Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya TANZAM hupita Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Kwa basi lisiloruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi ya watu, safari hiyo huchukua saa tano au zaidi, hasa inapokutana na misururu ya malori yaendayo Zambia na Kongo.

Angani, kati ya kiwanja cha Nduli mjini Iringa na kile cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya kiwanja cha zamani cha Mbeya, ni kama kilomita 300. Ndege ndogo ya abiria huumaliza umbali huo kwa takriban saa moja. Lakini anayelazimika kuunganisha safari Dar es Salaam huruka zaidi ya kilomita 1,000, mara tatu ya umbali wenyewe.

Suala hili si la starehe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya huhudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa ikiwamo. Kwa mgonjwa mahututi, saa nne zinazookolewa zaweza kuwa uhai.

Ujenzi wa viwanja ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, iwapo kila ndege itaelekezwa Dar es Salaam, majirani hawa wataendelea kutegemea barabara. Je, si wakati wa kupanga safari za mkoa kwa mkoa?