Askari aliyejeruhiwa akili apewe kazi ya kweli gereji

Tangu mwaka 2012, shirika la Mission Motorsport nchini Uingereza limekuwa likiwaingiza askari waliojeruhiwa mwili au akili katika mbio za magari na kazi za gereji, kisha kuwasaidia kupata ajira katika sekta ya magari. Mwanzilishi wake, James Cameron, alikuwa meja katika kikosi cha vifaru. Marekani nako zipo karakana ambamo maveterani wa vita vya Iraki na Afghanistan hufufua magari ya zamani. Anayezitazama kwa mbali huona watu wanaoliwazwa kwa kitu wanachokipenda, na hapo ndipo tunapokosea kuzielewa. Gereji humsaidia askari pale inapokuwa gereji hasa: kazi inayohitajika, fundi mkali anayeikagua, gari ambalo lazima litoke likitembea. Ikiwa ni mahali pa kumshughulisha mgonjwa ili asikae bure, sehemu kubwa ya faida yake imekwisha kupotea.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko magari yenyewe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, daktari wa mifupa Robert Jones alifungua karakana ndani ya hospitali ya kijeshi ya Shepherd's Bush, London, akisaidiwa na Manuel II, mfalme wa Ureno aliyekuwa uhamishoni. Majeruhi walifanya useremala na uhunzi, na baadhi ya walichotengeneza kilikuwa vifaa vya kuegemeza mifupa iliyovunjika, vilivyotumiwa na wagonjwa wenzao. Mkono uliokataa kunyooka kwa mazoezi matupu ulinyooka ukisukuma randa, kwa kuwa mwenye mkono alikuwa akiufikiria ubao. Katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, daktari Arthur Brock alilipeleka wazo hilo kwa wagonjwa wa akili, akiwemo mshairi Wilfred Owen mwaka 1917. Aliamini kwamba vita vimemkata mtu na mazingira yake, na kwamba kazi yenye maana kwa watu wengine ndiyo humuunganisha nayo tena.

Gari la zamani linafaa sana kwa kazi ya aina hiyo. Chukua Land Rover za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ndiyo sababu bodi zake ni za aluminiamu, ingawa chesisi ni ya chuma. Kwa nje huweza kuonekana nzima kumbe chesisi imeliwa na kutu kutoka ndani, na hakuna njia ya kujua ila kugonga, kusikiliza na kukata. Injini iliyolala miaka mingi huwa pistoni zake zimeganda ndani ya silinda, na anayetumia nguvu huvunja kitu. Inabidi amimine mafuta, asubiri siku kadhaa, ajaribu tena. Mwenye kiwewe cha vita huishi akiwa macho muda wote, masikio yakitafuta hatari hata sebuleni kwake. Gereji huyapa masikio hayo kazi: kutambua plagi isiyochoma au vavu inayogonga. Tena vitani mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na rafiki yake akafa vilevile, lakini injini isipowaka ipo sababu, na akiitafuta kwa subira ataipata. Sidhani kuna hotuba ya kutia moyo inayoweza kumrudishia mtu imani hiyo kama anavyoirudisha yeye mwenyewe kwa mikono yake. Na wawili walioinama chini ya boneti hawatazamani usoni. Maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi namna hiyo, na siku yasipotoka, hakuna aliyeshindwa.

Madaktari wana pingamizi la haki: ushahidi ni mdogo. Tafiti za aina hii mara nyingi huwa na watu wachache, na waliojitolea kushiriki yawezekana walikuwa tayari kupata nafuu. Tiba za mazungumzo, kama ile inayomrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye kumbukumbu anazozikwepa, zina ushahidi mzito zaidi. Nakubali, na kwa sababu hiyo gereji isichukue nafasi ya daktari. Lakini tiba bora haimfikii asiyekuja, na wengi hawaji, au huja wakaacha njiani. Mwaka 2021 pekee maveterani 6,392 walijiua Marekani, kwa takwimu za serikali yao. Mtu anayekataa kuitwa mgonjwa huweza kukubali kuitwa fundi, na akishazoea kufika kila wiki, mshauri aliyepo palepale anaweza kuanza naye. Pingamizi la pili ni zito vilevile: harufu ya dizeli au mlipuko kwenye ekzosi huweza kumrudisha askari kwenye gari lililoungua na wenzake ndani. Kwa hiyo kuna wasiofaa kuingizwa gereji, na anayewachagua lazima awe mtaalamu, si mpenzi wa magari mwenye huruma tu.

Kwetu Afrika Mashariki hili si la wageni. Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia mwaka 2011 na kushambuliwa vibaya kambini El Adde Januari 2016; Watanzania waliuawa katika kambi yao ya kulinda amani Semuliki, Kongo, Desemba 2017. Walionusurika walirudi katika nchi zenye mafundi wanaofufua Land Rover na Peugeot 504 kila siku, kwa kuwa wenye magari hayo wanayahitaji barabarani. Ujuzi tunao, wala hakuna haja ya kununua gari la fahari. Kinachokosekana ni utaratibu: gereji chache zinazokubali askari wastaafu kwa malipo halali, mwanasaikolojia anayelipwa na serikali kufika huko kila wiki, na mtihani wa ufundi wa VETA kwa Tanzania au NITA kwa Kenya mwishoni, wenye alama zilezile anazopewa kijana yeyote wa mtaani.