Ulienda Malindi ama Ulienda Italia?

Wasee wa Kilimani, tuambiane ukweli. Desemba mbogi yote ilikuwa Malindi na simu zikarudi na picha zile zile: pizza, jelato, halafu nguzo ya Vasco da Gama. Mimi pia niko nayo.

Sasa, sanamu ya Mekatilili wa Menza uliiona? Iko hapo hapo mjini. Sisi tuliipita na tuktuk tukikimbilia aiskrimu.

Huyo Mreno alitia nanga 1498, akapewa wa kumwonyesha njia ya India, akaenda zake. Mekatilili naye, 1913, aliwaambia Wagiriama wasimpe Mwingereza vijana wao wala kodi. Akashikwa, akapelekwa mbali huko magharibi, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. 1914 Waingereza wakalipua kaya yao takatifu, Kaya Fungo, kwa baruti. Hapo nani anastahili foleni ya selfi?

Mtasema likizo si somo la historia. Sawa. Lakini ya Mreno mliimeza bila kulalamika, juu nguzo yake imekaa poa kando ya bahari.

Sina noma na Waitaliano, wameishi Malindi miaka mingi. Noma ni sisi, Wakenya tunaotembea kwetu kama watalii wa wengine.

Safari ijayo, shuka tuktuk dakika kumi tu. Kesho yake pitia Gedi, iliyoingia orodha ya UNESCO 2024. Ukirudi Yaya bila Mekatilili kwa simu, usiniambie ulifika Malindi.